Katibu wa Harusi

Ujumbe uliingia saa kumi alfajiri, wakati Minnesota bado ni jioni.

"Uko macho? Nataka unisaidie kupanga harusi."

Niliketi kitandani. Aliyeandika ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Kwenye vitabu vya shule huyo ni binamu, lakini Magwagwa ukimwita mtoto wa mama mkubwa binamu, watu watakuuliza mlikosana lini. Ana miaka thelathini na minne, na kila akipiga simu nyumbani kuna mtu atamuuliza "lini?" kabla ya kumuuliza "habari?" Kwa hivyo nikamjibu mbio mbio: "Hongera! Ni nani huyo?"

"Hakuna mtu. Ni harusi ya mtu yeyote."

Nikadhani ni uchovu. Dada anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za usiku mara nne kwa wiki, huko ambako Wagusii ni wengi kiasi kwamba mtu anaweza kumaliza wikendi nzima bila kusema neno la Kiingereza. Halafu ukaingia ujumbe wa sauti wa dakika nane, na nikaelewa kwamba hakuwa amechoka. Alikuwa amefurahi.

Habari yenyewe ni hii. Kila mwaka mwishoni mwa Agosti, watu kama 70,000 huingia kwenye jangwa la Black Rock, jimbo la Nevada, wakajenga mji, wakaishi humo kwa wiki moja hivi, kisha wakaubomoa mpaka msumari wa mwisho. Tamasha hilo linaitwa Burning Man. Lilianza mwaka 1986 ufuoni San Francisco, Larry Harvey na rafiki yake Jerry James walipochoma sanamu ya mtu iliyotengenezwa kwa mbao, watu wachache wakitazama. Mwaka 1990 likahamia jangwani. Hata Afrika lina mdogo wake, AfrikaBurn, kule Tankwa Karoo, Afrika Kusini, tangu 2007. Hakuna msanii mkubwa anayelipwa kupanda jukwaani. Waliokuja ndio tamasha. Kila kundi hujenga kambi yake na kambi huwa na kitu cha kuwapa wapita njia: hawa watakupikia chai, hawa watakutengenezea baiskeli, hawa watakufundisha kucheza ngoma. Na huuzi wala hununui. Kinachouzwa ni barafu tu. Vingine vyote ni zawadi.

Kundi la dada lilikuwa la watu ishirini na watatu, wengi wao wa kazini na marafiki wa marafiki. Walikuwa wamekubaliana kwamba kambi yao itatoa harusi. Unapita na baiskeli yako, unaingia, unaoa au unaolewa, unaendelea na safari.

"Wenzangu walitaka ile ya Las Vegas," dada alisema. "Nikawaambia hapana, tutafanya ya kwetu. Na mimi nina mtu anayejua."

Mtu mwenyewe ni mimi.

Ni kweli ninajua, ila si kwa kupenda. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na tangu hapo naandika chochote kinacholipwa: maelezo ya picha za duka la viatu, insha za wanafunzi wa ng'ambo ambazo sijivunii, wasifu wa marehemu, hotuba za wazee wanaooza mabinti zao. Na kwa vile mwandiko wangu ni mzuri, kamati yoyote ya harusi inayoundwa kuanzia sokoni Magwagwa hadi kule Ikonge hunikabidhi daftari. Mimi ndiye katibu.

Daftari la harusi ni lile la kurasa 96, la jalada gumu ikiwa familia inajiweza. Upande wa kushoto ni majina, upande wa kulia ni walicholeta. Mama fulani, sufuria kubwa mbili, za kurudishwa. Mzee fulani, mikungu mitatu ya ndizi. Mwalimu fulani, ahadi elfu mbili, ametoa mia tano. Mtu asidhani haya ni maringo. Mwaka ujao mwalimu naye ataoza, na mtu atafungua daftari kuona alitoa nini. Kwetu zawadi ina kumbukumbu ndefu kuliko deni la benki. Kwa hivyo dada aliponiambia kwamba jangwani watu wanapeana vitu bila kuandika popote, nilihisi kama dereva wa matatu anayeambiwa kuna nchi haina barabara.

Nikamuuliza atanilipa ngapi.

Akacheka. "Si nimekwambia hakuna pesa jangwani?"

"Mimi siko jangwani. Niko Magwagwa, na huku data inanunuliwa."

Tiketi moja ya kuingia huko kwenye zawadi ilikuwa dola 575. Nilipiga hesabu kwa shilingi nikapata zaidi ya 70,000, nikaona niache kuuliza kwa siku hiyo. Lakini kazi niliichukua. Nitakuwa mkweli: Aprili ile sikuwa na kazi nyingine.

*

Nilianza kama ninavyoanza siku zote, kwa orodha. Maua ya kutawanya njiani. Maputo. Vumbi la kumetameta la kuwarushia maharusi. Manyoya kwenye kofia za wasimamizi. Majani ya migomba langoni, maana bila migomba hiyo si harusi ya Nyamira. Nikamtumia dada.

Alirudisha orodha karibu yote ikiwa imekatwa kwa mstari mwekundu. Kule kitu chochote ambacho hakikuwepo jangwani kabla hujafika ni uchafu, na lazima uondoke nacho. Manyoya yanapeperuka. Maua yanapukutika. Mimea hairuhusiwi kabisa. Vumbi la kumetameta hata usilitaje. Tamasha likiisha watu hupita wakikagua kila kambi ilipokuwa, wakitafuta hata kipande cha uzi, kisha huchora ramani: kijani kwa kambi safi, njano kwa waliozembea, nyekundu kwa wenye aibu. Niliufikiria uwanja wa shule yetu ya msingi asubuhi baada ya harusi, vikombe vya plastiki hadi kwenye goli, nikatamani mtu atuchoree hiyo ramani na kuibandika pale sokoni.

Hata tenti ilinishinda. Zile nyeupe za kukodi, zenye vitambaa vya zambarau, upepo wa Black Rock ungezipeleka jimbo jirani. Wenyeji wa tamasha hutumia skrubu ndefu kama mkono wa mtoto, wanazizungusha ardhini kwa mashine. Vumbi lenyewe lina magadi, linapasua ngozi ya nyayo, na dawa yake ni kuosha miguu kwa maji yenye siki. Nikaongeza siki kwenye orodha. Kisha maji: watu 23, siku 8, lita 6 kila mmoja kwa siku. Jumla lita 1,104, na hayo utakayonawia huyamwagi chini, unarudi nayo. Mwaka uliotangulia, 2023, mvua ilikuwa imenyesha huko, jangwa likawa tope, na makumi ya maelfu ya watu wakakwama ndani kwa siku kadhaa. Nikaongeza gambuti.

Kufikia Juni nilikuwa na daftari lenye kurasa kumi na moja kuhusu mahali ambapo sitawahi kufika. Lakini ukitoa maua, maputo na tenti ya zambarau, sikujua ni nini kinachobaki kuitwa harusi. Hapo ndipo nilipopanda bodaboda kwenda kwa Magokoro.

*

Magokoro ni nyanya yetu, mama wa mama zetu, wangu na wa dada. Anaishi ng'ambo ya mto mdogo, kwenye nyumba ya mabati yenye chai mbele na migomba nyuma. Nilimkuta akichambua saga, nikamsalimu kwa mikono miwili, nikakaa chini nikamsaidia, kwa sababu kwa Magokoro huwezi kuuliza swali mikono ikiwa imelala.

Nikamweleza. Jangwa, mji wa wiki moja, watu wanaoana wakipita.

"Kwani Kenya hakuna jangwa?" aliuliza.

Nikamwambia lipo, na hata tamasha lipo. Tangu 2008 jamii za Marsabit hukutana Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kila jamii na ngoma zake na mavazi yake, na hata nyumba zao huzisimamisha watu wazione. Waelmolo, Waturkana, Wasamburu, Warendile, Wagabra na wengine. Hilo lilimpendeza. "Hao wanaonyesha vya kwao," alisema. "Hawa wa dada yako wanaonyesha vya nani?"

"Vya kwetu, Magokoro. Ndiyo maana nimekuja."

Akaniambia kuhusu enyangi, polepole, kama mtu anayetoa vitu kwenye sanduku bila kutaka kuvikunja vibaya. Enyangi ndiyo iliyokuwa ndoa yenyewe. Watu wangeweza kukaa pamoja miaka, wakapata watoto, na enyangi ikaja baadaye mali ikipatikana. Siku hiyo mwanamke alivishwa ebitinge, pete za chuma, miguuni, na tangu hapo alikuwa mke wa mtu na kila mtu aliona. Yeye mwenyewe hakuvishwa. Alifunga ndoa kanisani, kwa Wasabato, na gauni la kuazima. Lakini mama yake alivaa.

"Tulikuwa tunamsikia kabla hatujamwona," alisema. "Akitoka mtoni na mtungi, zinagongana. Sisi tunaacha kuchezea moto."

Akaniambia pia kuhusu esigani, yule mtu wa katikati anayezijua pande mbili. Esigani ndiye aliyechunguza: ukoo gani, tabia gani, kuna ugonjwa gani mnauficha. Bila esigani mlikuwa mmeokotana tu.

Nikaandika yote. Nilipofunga daftari, aliuliza bila kuniangalia: "Na ng'ombe?"

"Hakuna ng'ombe, Magokoro. Ni mchezo."

Aliendelea kuchambua saga. Na mimi nikaendelea. Sote wawili tulijua tunafikiria daftari jingine.

*

Mama alikufa mwaka 2019. Kwa Kigusii mama huitwa "baba," na baba huitwa "tata," jambo ambalo liliwachanganya sana wenzangu chuoni niliposema simuni, "Baba, unanyonyesha nani tena?" siku alipozaliwa mdogo wetu wa mwisho. Humu nitamwita Mama.

Mama na Tata waliishi pamoja miaka ishirini na miwili. Walikutana sokoni, yeye akiuza ndizi, Tata akibeba magunia, na wakakaa. Njoo-tukae, kama watu wanavyosema. Kila mwaka mahari ilikuwa ya mwaka ujao. Kukawa na karo, kukawa na paa, kukawa na hospitali. Mama hakuwahi kulalamika mbele yetu, lakini kwenye harusi za watu alikuwa na tabia ya kukaa nyuma kabisa, karibu na masufuria, na mtu akimwita mbele kwenye mstari wa walioolewa wacheze, angesema anaangalia nyama.

Siku ya mazishi, wajomba walisimama langoni. Kwetu hili si jambo geni. Mwanamke ambaye hajalipiwa hazikwi kama mke, na familia yake ina haki ya kusema maneno hayo huku jeneza likisikiliza. Kaburi lilikuwa limechimbwa. Mchungaji alikuwa amefika. Wazee wakaingia nyumba ya jirani kuzungumza, na baada ya nusu saa mtu akatoka akauliza nani ana mwandiko mzuri.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nikaingia, nikapewa daftari na kalamu. Mjomba mkubwa akanisomea cha kuandika. Juu kabisa, neno mahari. Chini yake jina la Mama, na mbele ya jina lake, mara ya kwanza popote, jina la Tata kama mumewe. Ng'ombe sita. Wamepokelewa wanne. Wamebaki wawili. Tarehe. Sahihi nne, mbili za upande huu na mbili za upande ule. Wajomba wakatoka, wakashika jeneza, wakamzika dada yao kwa heshima, na mmoja wao alilia hadi akashikiliwa. Siwezi kusema walikuwa watu wabaya. Walikuwa wanampa Mama kitu ambacho alikuwa amekikosa. Shida ni kwamba walimpa akiwa hawezi kukisikia.

Mmoja wa wale ng'ombe wanne alikuwa karo yangu ya muhula uliofuata. Nikarudi chuoni wiki mbili, nikaona mambo hayawezekani, nikarudi nyumbani. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha chuo huwa nasema nilichoka na kozi. Ni rahisi zaidi kusema hivyo.

Ndiyo kusema kamati yangu ya kwanza ya harusi ilikuwa ile. Nilianza ukatibu kwenye harusi ya mama yangu.

*

Julai, kundi la jangwani lilifungua gumzo la WhatsApp na dada akaniingiza. Walikuwa watu wazuri. Mmoja alishona bendera, mmoja alikuwa ameanza kujifunza kusema "mbuya mono" na aliitumia kwa kila kitu, hata kukubali bei ya mbao. Fundi wa kuchomelea wa Kisii mjini alikuwa amenitengenezea pete arobaini za waya mnene, nyepesi, za kufungua na kufunga. Vikapu viwili vya ekee, vile vya kuwekea ugali wa wimbi, vilikuwa vimepata mtu wa kuvibeba kwenye mzigo wake hadi Minneapolis. Kambi inayogawa chakula kwa umma ilihitaji kibali cha idara ya afya ya Nevada, na dada alikuwa amekijaza. Serikali ni serikali, hata jangwani.

Kisha mmoja wao akatuma picha ya ng'ombe wa plastiki, wa kujazwa upepo, ukubwa wa mbuzi. Wazo lake: bwana harusi anamkabidhi huyo ng'ombe baba mkwe wa kuigiza, baba mkwe anamkataa, watu wanacheka, anaongezewa wa pili. Watu wakaweka vicheko. Dada naye akaweka kicheko.

Niliondoka kwenye gumzo bila kuaga.

Siku mbili sikujibu simu. Siku ya tatu dada akapiga saa sita usiku, nikapokea kwa sababu alipiga mara saba.

"Ni nini? Ni ng'ombe?"

"Ni ng'ombe."

"Aki ni mchezo tu. Hao hawajui."

"Hao hawajui. Wewe unajua."

Alinyamaza muda mrefu mpaka nikaangalia kama simu imekatika. Dada hakuwa kwenye mazishi. Makaratasi yake yalikuwa hayajakamilika na angetoka Marekani asingeweza kurudi. Alituma pesa za jeneza, na alikuwa ameyaona mazishi kwa simu ya mtu iliyokuwa ikitikisika, na aliyeishika alikuwa nje. Ya ndani ya nyumba ya jirani hakuyaona. Basi nikamwambia. Kalamu, sahihi, karo. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari ya karo, hata Tata, ingawa Tata ndiye aliyemtoa yule ng'ombe zizini.

Dada hakusema pole. Alisema: "Basi iandike upya. Iandike jinsi ungetaka iwe. Wakikataa, nitawaambia waende wakajifanyie ya Las Vegas."

Niliiandika usiku ule ule, kwenye meza ya jikoni. Ilikuwa fupi.

Moja: hakuna anayeoana bila esigani. Hata kama mmekutana leo, mtafute mtu aliyewaona pamoja, aje naye. Esigani ataulizwa swali moja: umewaona wakifanyiana nini? Lazima aseme jambo aliloliona kwa macho yake. Haruhusiwi kusema "wanapendana." Hilo halionekani.

Mbili: wanaooana watakaa chini na kusikiliza. Hawasemi kitu mpaka esigani amalize.

Tatu: pete, mguuni. Mnavishana, mnasimama, mnatembea hatua kumi watu wakiwa kimya, wasikie.

Nne: tonge moja la ugali wa wimbi, kwenye ekee moja.

Hakuna ng'ombe wa aina yoyote.

Walikubali. Yule wa ng'ombe wa plastiki aliniandikia peke yangu, maneno marefu ya kuomba radhi, na mwisho akaweka "mbuya mono" mahali ambapo haikuwa na maana yoyote. Nikamsamehe hapo hapo.

*

Kuna jambo la mwisho dada aliniuliza kabla hawajaondoka. Tangu 2000, mwaka ambao David Best na wenzake walijenga hekalu la kwanza la mbao, ambalo likawa la kumkumbuka rafiki yao aliyekufa kwenye ajali ya pikipiki, kila tamasha huwa na hekalu. Watu huandika ukutani majina ya wafu wao, huacha picha, barua, viatu vya watoto. Ile sanamu ya mtu huchomwa Jumamosi kwa kelele na fataki. Hekalu huchomwa Jumapili, na watu hukaa kimya.

"Nitumie ile karatasi," dada alisema. "Ya daftari. Niichome huko, iishe."

Nilitaka. Nilikuwa nimeshafungua kabati. Lakini daftari lile si langu peke yangu, nikaenda tena kwa Magokoro. Ng'ombe wanne walikuja kwake. Maziwa yao nimeyanywa mara nyingi, na chai yake ni tamu, na sijui nifanye nini na jambo hilo.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Usiichome," alisema. "Hakuna karatasi nyingine duniani inayosema mtoto wangu aliolewa."

Sikuwa nimewahi kuiona hivyo. Mimi niliona ng'ombe sita. Yeye, ambaye hajui kusoma vizuri, alikuwa amesoma mstari wa juu.

Karatasi ikabaki. Nilimtumia dada kitu kingine: ushuhuda. Kwa sababu kama sheria ilikuwa esigani aseme alichokiona, mimi nilikuwa nimeona. Nilimwona Tata akimtengenezea Mama kiti cha kukamulia chenye mguu mmoja mfupi, kwa sababu zizi letu liko kwenye mteremko. Nilimwona Mama akimwachia Tata ukoko wa ugali kila usiku kwa miaka yote ninayoikumbuka, na yeye mwenyewe akiupenda. Niliandika mistari kumi na miwili. Sikuandika wanapendana.

*

Habari zilirudi Septemba, kwa vipande, kama mtu anayekung'uta vumbi. Upepo uliangusha upande mmoja wa tenti siku ya pili. Siki iliisha. Pete arobaini hazikutosha, wakaanza kutumia kamba. Mwanamume mmoja alitaka kuoa fimbo yake ya kutembelea, na kwa kuwa sheria ni sheria, akaambiwa alete esigani; akaenda akamleta daktari wake wa mifupa, ambaye walikuwa wamekuja pamoja. Wanawake wawili wazee, waliokaa pamoja miaka thelathini na moja, walisimama kwenye foleni ya barafu wakamwomba kijana waliyemkuta hapo awe esigani wao. Kijana akasema ameona mmoja akimfunika mwenzake shingo kwa kitambaa bila kukatiza mazungumzo yake na mtu mwingine. Hilo tu. Dada anasema aliyefunikwa alikuwa hajui kwamba amefunikwa. Alikaa chini, akagusa kile kitambaa, na hatua kumi zikachelewa kwa muda.

Jumapili dada alienda hekaluni. Aliusoma ushuhuda wangu kwa sauti, kwa Kigusii, halafu akaupachika ukutani na juu yake akaandika BABA. Mtanzania mmoja aliyekuwa karibu akamgusa bega: "Pole sana, dada, kwa kumpoteza mzee wako." Dada akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akashindwa kueleza, akamshukuru.

Mwisho wa mwezi aliniletea elfu kumi na tano kwa M-Pesa. Kwenye ujumbe aliandika: "Ya kazi. Usiseme ni zawadi. Iandike."

Niliiandika. Kambi yao, kwa taarifa yenu, ilipata kijani.

Tata alikuwa anajua kwamba nafanya kitu cha usiku na Marekani, lakini hakuwahi kuuliza. Jioni moja nikampa simu, nikamwonyesha video fupi ambayo dada alituma: watu wasiojuana, weupe kwa vumbi, kimya, na sauti ya waya miguuni, hatua kumi. Akaitazama mara mbili. Akaniuliza sheria ni gani, nikamweleza. Nikamweleza na ushuhuda pia. Kiti cha kukamulia. Ukoko.

"Uliyaona hayo?" alisema.

"Niliyaona, Tata."

Alinirudishia simu. Alikaa akiangalia zizi kwa muda mrefu, mpaka giza likawa halimwachii kitu cha kuangalia.

"Na hao wa jangwani, nani aliandika waliooana?"

"Hakuna. Kule hawaandiki."

"Basi wana bahati," alisema. Kisha, baada ya kama dakika nzima: "Au hawana."

Hakusema zaidi, na mimi sikumsukuma. Lakini Oktoba, bonasi ya chai ilipoingia, alivaa koti lake la mazishi na harusi asubuhi ya siku ya soko, akachukua kamba ukutani, na alipofika mlangoni aligeuka akaniuliza niliweka wapi daftari.